IST inavuma kuanzia spidi 60, fundi mmoja kasema tairi mwingine kasema beringi. Wa Tanga mnaojua njooni

#1 Kijana_wa_Sahare
Wakuu salaam. Nna Toyota IST ya 2004, chasisi NCP60, naenda nayo Muheza karibu kila siku na mara moja moja napanda nayo Amani na mzigo, ile njia mnaijua wenyewe mawe matupu. Sasa ikifika 60 inaanza kuvuma vuuuum, ikifika 80 redio huisikii, nikipunguza mwendo nayo inapungua. Ukitembea nayo Ngamiani humo ndani taratibu haina shida yoyote utasema imeshuka melini jana. Fundi wa kwanza kazunguka nayo kidogo kasema tairi za mbele zimekula vibaya, nunua mbili. Wa pili kaipiga jeki katikisa tairi la kulia kasema beringi nzima haichezi, labda gia boksi. Wa tatu hata kuipanda hakuipanda, kasema beringi zote nne leta hela. Sa mi nimshike yupi? Hela ya kubahatisha sina. Anaejua namna ya kujua mwenyewe kabla sijaingia gereji anisaidie, nawasilisha.

#2 Chumvi_Kali
Beringi hiyo. Uza ununue boda haina mambo mengi 😂

#3 DerevaWaHorohoro
We wa boda kaa pembeni bana watu wana shida zao.

Kijana fanya hivi haihitaji spana. Shika njia ya Segera, ukishaipita Pongwe pale barabara imenyooka na hamna watu, panda mpaka 70 hivi afu toa gia weka N, gari liteleze lenyewe. Usizime injini lakini, ukizima brek na steling vinakuwa vigumu utatuletea habari nyingine hapa. Kama mvumo umebaki vile vile basi sio injini. Afu cheza na steling taratibu, lilaze kushoto kidogo, lilaze kulia kidogo. Ukilaza kushoto mvumo ukazidi, ni ya kulia. Ukilaza kulia ukazidi, ni ya kushoto. Nimeendesha gari za abiria miaka mingi hiyo ndo njia yetu.

#4 Mdigo_Mpole
Hapo umegeuza kaka. Ukikata kushoto ya kushoto ndo inayolia.

#5 DerevaWaHorohoro
Sijageuza kitu. Ukikata kona kushoto gari linaegemea wapi? We ukiwa ndani unasukumwa mlango wa upande gani? Kulia. Basi na mzigo wote unaenda tairi la kulia, na beringi mbovu inapiga kelele ikibebeshwa. Kajaribu.

#6 Mdigo_Mpole
Haya nimekaa kimya, ngoja aje Mzee wa Presi atuamulie.

#7 BintiMakorora
Na tairi je? Mi langu lilivuma hivyo hivyo nikaambiwa beringi, nikabadilisha, likavuma tena na hela imeshaenda. Kumbe tairi za nyuma zilikuwa zimeliwa vipande vipande. Alienifunulia ni jirani yangu tu, aliniambia pitisha kiganja juu ya tairi kwenda mbele afu rudisha nyuma. Kwenda kiganja kilipita laini, kurudi kikawa kinakwama kwama.

#8 Mzee wa Presi
Nimeitwa nimekuja.

Kwanza dereva yuko sahihi, mzigo unahamia upande wa nje wa kona. Sio kila gari litakupa jibu safi, kuna nyingine zinakudanganya, kwa hiyo kipimo cha barabarani kikupe mashaka tu, hukumu utaitoa likiwa juu ya jeki. Na hiyo ya kuweka N inatoa injini, gia boksi haijatoka yote, maana difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi) na shafti bado zinazunguka na tairi.

Binti nae kasema kweli. Tairi linabadilisha sauti kila lami inapobadilika, ukitoka lami ya zamani yenye kokoto ukaingia laini unaisikia kabisa imegeuka. Beringi haijali lami, inajali mwendo na mzigo. Ukitaka uhakika wa bure hamisha tairi za mbele ziende nyuma za nyuma zije mbele, upepo ziwe sawa, afu toka tena. Mvumo ukihamia nyuma ni tairi. Ukibaki mbele, haya.

Sasa kijana, kati ya mafundi wako watatu hakuna alieipima hiyo gari. Wa pili kaanza vizuri kaishia njiani. Beringi ya mbele ya IST ni ile iliyofungwa kabisa, ndani ina gololi safu mbili na grisi yake imetoka nayo kiwandani. Hizi zinaanza kulia mapema sana kabla ya kucheza. Ukiona mpaka tairi linacheza mkononi ujue imeshafika pabaya. Kwa hiyo kuniambia haichezi sio kuniambia ni nzima, na hapo ndo wengi mnapotolewa gereji mnaambiwa gari halina tatizo wakati mtaa mzima unalisikia linakuja.

Nyanyua gari, weka stendi, jeki peke yake usiiamini na tofali usiweke kabisa. Weka N. Mkono mmoja shika springi ya shokapu, ushike hasa sio kugusa. Mkono mwingine zungusha tairi. Kama beringi nzima springi imetulia tuli. Kama imekufa utaisikia kwenye vidole, springi inatetemeka krrrr ya chini chini, hata kama masikio hayasikii kitu sababu gereji kuna kelele na watu wanagonga bodi. Ile shhhh ya kukwaruza kwa mbali ni brekpedi inagusa diski usiihesabu. Fanya kulia, fanya kushoto, linganisha. Vidole havidanganyi kama sikio, sikio sauti ya gari inalipotosha, utasema ni mbele kumbe ni nyuma.

Baada ya hapo ndo utikise. Mkono mmoja juu ya tairi mwingine chini. Ikicheza, mwite mtu akanyage brek aishikilie, tikisa tena. Ikitulia ni beringi. Ikiendelea kucheza na brek imekanyagwa, angalia boljointi ya chini na bushi. Ikicheza kulia kushoto tu hiyo tafuta tairodi. Na kama inalia ka-ka-ka ukikata steling mpaka mwisho, hiyo ni sivijointi (kiungo cha shafti inayozungusha tairi), habari nyingine kabisa.

#9 Kijana_wa_Sahare
Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa sana. Swali moja, naweza kuendelea kuitembelea kwa muda huku natafuta hela au ndo nipaki?

#10 Mzee wa Presi
Marahaba. Kama inavuma tu na haichezi, una muda kidogo, tembea mwendo wa chini, ile safari ya Amani iache. Ikianza kucheza paki. Beringi ikilegea diski nayo inayumba, inazisukuma brekpedi kurudi ndani, siku unakanyaga brek pedeli inashuka mara ya kwanza bila kushika mpaka ukanyage tena. Na ikisagika yote joto linapanda, inaweza kujikamata au tairi kulala. Mtu akikwambia alitembea nayo mwaka mzima mwambie asante ila we usimuige.

#11 Mama_Deep_Sea
Jamani na mimi nisaidieni humu humu. Nna Carina ya mizigo, napakia samaki pale Deep Sea na mabarafu kwenye mandoo, maji yanavuja mpaka chini kila siku ya Mungu. Beringi za nyuma hazikai. Fundi anabadilisha, miezi kidogo tena inavuma. Nimeambiwa ni mzigo mzito lakini mzigo wenyewe sio mkubwa kivile.

#12 Mzee wa Presi
Dada pole na kazi. Hayo maji ya barafu na samaki ni maji ya chumvi, yanateremkia kwenye mguu wa nyuma, yanakaa usiku kucha. Sili ya beringi ni kimpira chembamba tu, chumvi inakula chuma pembeni yake, kutu ikiinuka sili inanyanyuka, maji yanaingia, grisi inakuwa maziwa. Toa ile ya zamani uichane, ukikuta grisi nyeupe na gololi zina madoa ya kahawia basi ni maji, sio mzigo. Tandika turubai zito nyuma, weka mpira wa kutolea maji uyapeleke mbali na tairi, na jioni mwagia maji baridi ya kawaida miguuni kuondoa chumvi. Ila mwambie kijana wa kuosha asielekeze ile mashine ya presha kwenye habu (kile chuma cha katikati tairi linapofungwa), maana presha inasukuma maji ndani ya sili, hapo tunaosha huku tunaua.

#13 Mama_Deep_Sea
Haaa na kwa mashine ndo naoshewa kila siku! Ahsante sana fundi.

#14 KobeMzee
Mkazi wa pwani hapa. Niongeze, kwa hizi gari ambazo beringi ya nyuma inakuja nzima na habu yake, unafungua bolti nne unatoa unaweka mpya (Vitz, IST, Premio nyingi ziko hivyo), kwenye vitabu ni kazi nyepesi. Kwetu huku kutu imeshaziunganisha. Mpigie mafuta ya kulegeza kutu jana yake, sio asubuhi ya kazi. Nilishaona fundi anagonga habu mpaka anapinda bamba la brek lote na hapo ikawa gharama mpya.

#15 Fundi_Mwembeni
Nasoma tu humu naona mnamsikiliza Mzee wa Presi, na hiyo presi, ile mashine ya kusukumia beringi, watu mnatishwa nayo bure. Mi nabadilisha beringi za mbele chini ya mwembe, nyundo kubwa na kipande cha bomba, saa moja imeisha na wateja wangu wanarudi. Presi ni ya kuwaongezea bei.

#16 Mzee wa Presi
Wanarudi kwa kuwa imelia tena mdogo wangu 😀

Nisiwe mkali, na mimi nimeanzia chini ya mwembe. Lakini nieleze kinachotokea ndani ili mwenye gari ajue anacholipia. Beringi ina pete ya nje, pete ya ndani, katikati gololi. Pete ya nje ndo inabana kwenye ile nyumba yake, kile chuma kikubwa kinachoshikwa na shokapu juu na boljointi chini. Pete ya ndani ndo inabana habu. Unapoiingiza kwenye nyumba lazima usukume pete ya nje peke yake. Unapoingiza habu lazima pete ya ndani ikalie chuma kwa chini. Ukisukuma ya ndani ili ya nje iingie, nguvu yote inapita kwenye gololi, na gololi zinaacha vidimbwi kwenye njia yake, vidogo huwezi kuviona mpaka uichane. Beringi mpya, boksi lake bado liko juu ya bodi, imeshakufa. Itatoka gereji kimya, wiki kadhaa mbele unaanza kuisikia kwa mbali, na mteja anaambiwa spea siku hizi feki.

Nyundo na bomba lenye kipenyo cha pete ya nje, mtu mwenye mkono uliotulia anaweza akaiingiza salama, sikatai. Tatizo nyundo haisukumi sawa, inaingia upande huu inakwama, unagonga upande ule, inakwangua nyumba. Na habu je unaiingizaje kwa nyundo bila kupitishia nguvu kwenye gololi? Hapo ndo napotaka uniambie.

#17 Fundi_Mwembeni
Habu naiweka pete ya chini kwanza kwenye bomba dogo ndo nagonga.

#18 Mzee wa Presi
Basi we umo, kumbe unajua. Wengi hawaweki.

#19 Mkwakwani_Fc
Tuongee spea sasa maana hapo ndo penye wizi. Nikienda dukani nashikishwa maboksi matatu, bei ya huyu na huyu mara tatu, yote yameandikwa Koyo.

#20 KobeMzee
Nenda na ya zamani mkononi au nenda na namba ya chasisi, usiende na jina la gari tu. IST ziko NCP60, NCP61, na NCP65 ambayo ni ya miguu minne inavuta, wauzaji wengine wanakupa chochote kinachofanana. Afu soma namba ya ubavuni. Zile za mbele zilizofungwa nyingi zinaanza na DAC, mfano DAC40740036, maana yake tundu milimita 40, kipenyo cha nje 74, unene 36. Chukua rula pima, haiongopi. Kuhusu feki, Koyo, NSK, NTN, SKF wote wanaigwa. Maandishi ya orijino yamechongwa safi hayafutiki kwa kidole, SKF wana programu yao ya simu inaitwa SKF Authenticate unapiga picha boksi na beringi unawatumia wanakujibu. Hapa mjini ukikosa, muagize mtu Kariakoo aipakie kwenye basi, jioni unaichukua stendi ya Kange.

#21 Chumvi_Kali
Kwani ukinunua mguu mzima wa mtumba wa Japani na habu yake si umemaliza kila kitu, hamna presi hamna nini?

#22 DerevaWaHorohoro
Umenunua beringi ya zamani ya mtu mwingine, hujui imetembea ngapi wala ililowekwa wapi. Mi naununua ule kama nyumba yenyewe imekwisha, beringi inaingia kwa kidole. Hapo hata mpya haitashika, na kuna mafundi wanachoma welding ndani au wanapiga panchi zile nukta nukta ili ibane, usikubali. Chukua mguu wa mtumba, beringi weka mpya.

#23 Kijana_wa_Sahare
Wakuu mrejesho. Nilihamisha tairi kwanza, mvumo ukabaki mbele. Nikashika springi kama mzee alivyosema, kushoto kimya, kulia vidole vikasikia krrr yenyewe kabisa, mpaka nikamwita mdogo wangu ashike nae. Nimeenda kwenye gereji yenye presi nikasimama hapo hapo. Habu ilivyotoka imeng'oka na nusu ya pete ya ndani imeganda juu yake, fundi akaikata kwa gurinda robo tatu tu hakufika kwenye habu, akaipiga tindo mara moja ikapasuka ikatoka. Njia ya gololi ilikuwa imemenyeka kama rangi ya ukuta inavyobanduka. Mlio umeisha. Ila kuna kitu, nati kubwa ya katikati alikaza kwa ile bunduki ya upepo mpaka ikagoma akasema imetosha. Ni sawa?

#24 Mzee wa Presi
Hongera. Na hapana, sio sawa. Hiyo nati ndo inayoshikilia pete mbili za ndani zikae kama kiwanda kilivyotaka, ikilegea beringi inakufa, ikizidi vile vile. Inakazwa kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), mfano Corolla nyingi za miaka ya 2000 ni 216 Nm, ya kwako mwambie aangalie kwenye kitabu chake. Alegeze akaze upya, brek imekanyagwa na tairi likiwa hewani, gari lisikalie beringi wakati nati haijakaza. Kama ni nati ya kupigwa ukingo, nati mpya na apige ukingo ukae kwenye mfereji wa shafti. Nati za tairi Toyota ndogo 103 Nm. Na kwa kuwa alifungua bolti mbili za shokapu nenda kafanye alaimenti, usije ukala tairi ukarudi hapa kuniuliza mvumo mwingine.

#25 BintiMakorora
Mzee langu baada ya kubadilisha beringi ya mbele taa ya ABS imewaka haizimi. Sensa wanasema nzima.

#26 Mzee wa Presi
Waliigeuza. Beringi nyingi za gari zenye ABS zina pete ya sumaku upande mmoja badala ya meno, na upande huo lazima uangalie sensa. Kwa macho zote nyeusi. Unachukua pini ya karatasi unaipitisha pembeni, upande wenye sumaku utaisikia inavutwa vutwa. Ikiwekwa kinyume sensa haioni kitu, na kuitoa kuigeuza huwezi, ikishapresiwa kutoka imekwisha, inanunuliwa nyingine. Anaelipa hapo ni alieifunga, sio wewe. Mwambie kwa upole.

#27 Mkwakwani_Fc
Na zinabadilishwa zote mbili kulia na kushoto kama shokapu?

#28 DerevaWaHorohoro
Hapana, ile iliyokufa tu. Shokapu zinaenda mbili, beringi haina sheria hiyo.

#29 Mzee_Kijijini_Hale
Salaam. Mimi nna Hilux ya zamani ile ya kazi, beringi za mbele zile za kufungua unapaka grisi. Nazo ni kama zile mlizosema grisi imetoka nayo kiwandani, nisiiguse?

#30 Mzee wa Presi
Hapana kaka, hizo ni tofauti kabisa na hii habari yote ya juu. Za kwako ni za roli zilizolala mshazari, mbili kila mguu, kubwa ndani ndogo nje. Hizo unafungua, unaosha kwa petroli au dizeli mpaka zing'ae, unakausha (usizizungushe kwa upepo wa kompresa, zinaweza kuruka), unaangalia roli moja moja na pete zake. Ukiona doa la bluu au la kumenyeka badilisha beringi na pete yake ya nje pamoja, usiweke mpya kwenye pete ya zamani. Grisi unaiweka kiganjani unaisokota ndani mpaka itokee upande wa pili, kupaka juu juu hakuna maana. Sili mpya. Kukaza unakaza nati huku unazungusha tairi ili roli zikae, afu unailegeza, unakaza tena kidogo sana mpaka mchezo uishe na tairi lizunguke huru, kitabu cha gari lako kina kipimo chake. Ukikaza kama nati ya injini utaichoma kabla hujafika Korogwe.

#31 Mzee_Kijijini_Hale
Grisi yoyote?

#32 Mzee wa Presi
Ile ya beringi za tairi inayostahimili joto, na usichanganye na ya zamani, osha yote kwanza. Ile ya kopo bila jina wanayopimia kwenye mfuko wa nailoni waachie wenye mageti.